Shangazi, nimemcheka diwani kwa picha tano, sasa naambiwa niombe radhi kwa zote

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, nina studio ndogo ya picha katika mji mmoja huku juu, uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Napiga picha za pasipoti, natoa fotokopi, nachapa kadi za harusi, na msimu wa unyago ukifika silali, kila nyumba inataka picha za mwali wake akitolewa nje. Nakueleza haya ujue kwamba watu wa hapa wananijua na mimi nawajua, jambo langu halina pa kujificha.

Miezi miwili iliyopita diwani wetu alizindua kilula cha maji, yaani koki ya kuchotea maji ya watu wote, katika kijiji cha jirani. Niliitwa kupiga picha, tukakubaliana shilingi 80,000, nikapewa 40,000 ya kuanzia. Shida ya maji ya huku unaijua. Mvua ikikata, kisima cha uani kinakauka, na ndoo moja tunainunua shilingi 500, siku nyingine zaidi. Kwa hiyo watu walijaa, ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa saa nne asubuhi, diwani akainama akanywa, maji yakamwagika mpaka watoto wakacheza tope. Saa kumi jioni koki ikakoroma, ikatema hewa, ikanyamaza. Baadaye dereva mwenyewe alitueleza kwamba tangi lilijazwa usiku kwa boza, lile lori la kubebea maji. Mpaka leo kilula hakijatoa tone.

Jumamosi moja nimekaa dukani hakuna mteja, nikazifungua zile picha kwenye kompyuta, nikaanza kuziandikia maneno chini. Nilikuwa na uchungu, na papo hapo nilikuwa nacheka peke yangu. Nikatengeneza tano. Diwani ameshika mkasi, nikaandika: “Utepe umekatwa saa nne, maji yamekatwa saa kumi.” Ameinama kwenye koki, amefumba macho: “Kunywa taratibu Mheshimiwa, ndiyo hayo hayo.” Amesimama kiupande, koti limeachia, mkono juu ya tumbo: “Tangi la kata, ujazo lita elfu tano. Hili halikauki.” Halafu picha ya foleni ya ndoo, mbele yuko bibi mmoja amejishika kiuno: “Nilitoka nyumbani mwali, narudi na ndoo nina wajukuu.” Ya mwisho, diwani amekaa kwenye kiti cha plastiki anapekua makaratasi: “Hesabu ya korosho za wanachama: moja yenu, mbili zangu. Moja yenu, mbili zangu.”

Nikaziweka stetasi, nikazituma na kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza shule pamoja. Jioni ile ile zilikuwa zimefika Tandahimba. Wiki iliyofuata mteja alinionyesha simu yake, kazipokea kutoka Dar es Salaam, wala hajui kwamba mtengenezaji ndiye mimi ninayemtolea fotokopi. Watu walicheka, Shangazi. Ile ya tumbo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Balaa lilianza na ile ya korosho. Wanachama wa chama chetu cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, walikuwa wanasubiri malipo ya mnada, yamechelewa. Picha ilipowafikia, baadhi hawakuiona kama mzaha. Walisema diwani kanaswa akigawana hela zao. Watu kumi na kitu wakaenda kwake usiku, wakagonga geti, watoto wake wakalia. Diwani hata si kiongozi wa chama kile. Na yale makaratasi ni orodha ya wanakijiji waliojitolea kuchimba mtaro wa bomba. Pembeni yake alikaa mtendaji wa kijiji na daftari, mimi nikamkata ili picha ikae vizuri.

Sasa mpambe wa diwani kaja dukani. Anasema nizifute zote na niombe radhi hadharani kwa zote, vinginevyo nitaitwa kituoni kwa sheria ya mtandao, faini milioni tano. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea na kuninunulia kamera, anataka twende tukapige magoti yaishe, kwa sababu yeye na diwani wanaswali msikiti mmoja. Vijana wa kijiweni wanasema nikiomba radhi nimewasaliti. Wameniletea picha nyingine, na mmoja anataka nitumie programu ya akili mnemba nimweke diwani kitandani na mwanamke. Hilo nimelikataa, ila sijui kama nimekataa kwa woga au kwa haki.

Ile 40,000 yangu iliyobaki sijalipwa. Na yule bibi wa kwenye foleni ameacha kuitikia salamu yangu, sijui kwa nini.

Nifute? Niombe radhi? Au ninyamaze?

Mpiga Picha, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu lenyewe, maana ndilo unalolingoja. Usiombe radhi kwa zote, na usinyamaze kwa zote. Mpambe amezifunga picha zako tano kwenye kanga moja, anataka uzibebe hivyo hivyo hadi kwa diwani. Vijana wa kijiweni nao wanataka uzitetee zikiwa zimefungwa hivyo hivyo. Fungua hiyo kanga uzitazame moja moja. Mbili ni haki yako. Moja ni ya kufuta. Mbili ni makosa ya kweli, na kosa kubwa kuliko yote silo lile lililokuondolea usingizi.

Ya utepe iache ilipo. Nilipoifikia nilicheka kwa sauti mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini, na nilipomsomea akacheka naye, ingawa hajawahi kukanyaga kijiji hicho. Kila neno lake ni kweli. Utepe ulikatwa saa nne na ulikuwepo, maji yalikatwa saa kumi na ulikuwepo. Umechukua kitenzi kimoja ukakitumia mara mbili, na waliokaa juani siku ile wakaiona siku yao nzima kwenye mstari mmoja. Hapo diwani hana la kusema kwamba kazuliwa. Ya kunywa nayo ni halali. Aliinama mwenyewe, mbele ya watu, kwenye shughuli ya watu, akanywa maji ya boza akijua kamera inamtazama.

Mjomba wako akikuambia kwamba kumcheka mkubwa si adabu, mkumbushe mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa upole, maana ameyaona kuliko mimi. Mchezaji anaingia uwanjani amefunikwa mwili mzima, kinyago kakivaa kichwani na anachungulia kupitia mdomo wake. Wachongaji wa Kimakonde, hasa wa ng'ambo ya Ruvuma, walichonga mapiko yenye sura za wakoloni, na mwendo wa bwana mkubwa ukaigwa mbele ya watoto na wakwe. Wakubwa wamechekwa huku tangu zamani, na waliowacheka walikuwa watu wazima wenye heshima zao.

Na sisi wanawake wa pwani, kutoka Mikindani hadi Lindi na Kilwa, tunasemana kwa kanga. Hata mahali ulipoandika ni pale pale, chini ya picha, kama jina la kanga linavyokaa juu ya pindo. Lakini kanga haimtaji mtu. Aliyeivaa anaweza kusema kainunua dukani kwa kupenda rangi. Aliyelengwa anaweza kupita kama hakusoma, na kesho wakakutana msibani wakapeana pole. Fumbo linaacha mlango wazi. Picha haina mlango: sura ni ya mtu, koti ni lake, kiti alichokalia kinajulikana kimetoka nyumba gani. Kwa hiyo neno la chini ya picha linatakiwa lipimwe kuliko neno la kanga, na wewe ulipima mawili ukaacha matatu.

La tumbo futa. Silisemi kwa kumwogopa. Kabla ya picha ile watu walikuwa wanazungumza maji, baada yake wakawa wanazungumza kitambi. Umeniambia ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na naamini, kwa kuwa mtu hahitaji kujua lolote ili alicheke tumbo. Aliye Dar es Salaam, asiyejua kilula wala boza, anacheka vilevile. Diwani aliahidi maji, hakuahidi kiuno chembamba. Ulipohamia kwenye mwili wake ulimpumzisha, na sasa wapambe wake wanaweza kusema hizi zote ni chuki binafsi.

Halafu kuna ile 40,000. Jiulize peke yako, studio imefungwa, ilikuwa inakuuma kiasi gani ulipoandika lile la tumbo? Deni lidai kama deni: andika ankara yenye tarehe ya kazi na kiasi kilichobaki, mpe aliyekuagiza, mwambie asaini kwamba ameipokea. Usiliguse deni hilo siku utakayokwenda kuomba radhi, wala usiliandike chini ya picha yoyote. Likishachanganyika na mzaha, hata utepe utaambiwa ulikuwa wa kudai hela.

Sasa korosho. Hapa nakusema kama mwanangu wa kumzaa.

Fedha ya korosho huko kwenu ndiyo ada ya shule, bati la nyumba, mahari ya kijana, na salfa ya kupulizia mikorosho msimu unaokuja. Mkulima amepuliza, ameokota, amekausha, amepeleka mzigo ghalani, karudi na karatasi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, hela yake inapita mahali asipopaona: mnadani, kwa mnunuzi, benki, kwenye chama. Yeye ana karatasi na subira. Wengi hawajasahau msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba, na wako waliosubiri malipo kwa miezi. Mtu wa namna hiyo, usiku, na simu yenye kioo kilichopasuka, akiletewa picha ya mkubwa anapekua makaratasi na chini pameandikwa korosho, unataka aone nini? Ameona ushahidi.

Ameuona kwa sababu ni picha ya kamera. Masoud Kipanya akichora kwenye gazeti, kila msomaji anajua huo ni mkono wa mchoraji. Hakuna aliyeamka usiku kwenda kugonga geti la mtu kwa ajili ya mchoro. Wewe hukuchora. Wewe ndiye mpiga picha ambaye mji mzima unakuamini hata kwa sura ya kitambulisho. Kazi yako inauzika kwa sababu mtu anajua kilichomo kwenye picha yako kilikuwepo. Maneno yale ya “moja yenu, mbili zangu” yangebaki mzaha kama mtendaji angebaki pale na daftari lake, maana kila mwanakijiji angeijua orodha ile. Uliponyamazisha nusu ya picha, mzaha ukageuka uzushi. Diwani alikata utepe, wewe ukamkata mtendaji.

Ndipo mpambe anapopata nguvu, kwa hiyo tuizungumze sheria. Hakukudanganya kabisa, na hakukuambia yote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa, iwe picha, maandishi au alama, akijua ni ya uongo au ya kupotosha, na akiwa na nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Soma maneno yale polepole: uongo, kujua, nia. Utepe hauna uongo. Korosho inao, na ulijua makaratasi yale ni ya nini. Katiba ya 1977 nayo, ibara ya 18, inakupa uhuru wa kutoa maoni yako, na ibara ya 30 inaruhusu kulinda haki za wengine. Ukisimama kwenye utepe na maji, unasimama kwenye ya 18. Ukisimama kwenye korosho iliyokatwa, umejitoa mwenyewe.

Hata hivyo kuwa upande wa haki hakumkingi mtu na usumbufu, na sitakuficha. Mchekeshaji Idris Sultan, Oktoba 2019, aliweka mtandaoni picha alizobadilishana sura na Rais John Magufuli, kwa siku ya kuzaliwa ya Rais, akatakiwa polisi. Mei 2020 akakamatwa baada ya video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais ndani ya suti iliyompwaya. Alipofikishwa mahakamani, shitaka likawa la laini ya simu: alidaiwa kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, hakikisha laini unayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nawajua mabinti wengi wanaotembea na laini za kaka zao.

Ukiitwa kituoni, nenda, na usiende peke yako. Maelezo usiyoyasoma usiyasaini. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, ulizia wa wilayani kwako sasa hivi, usingoje siku ya kuitwa. Na mafaili ya asili ya picha zote, yale yaliyotoka kwenye kamera, usiyafute hata ukiambiwa uyafute. Humo mtendaji bado amekaa na daftari lake. Humo pia kamera imeandika saa, na kama ulipiga koki jioni ile ilipokauka, basi saa nne na saa kumi zimeandikwa na mashine.

La akili mnemba ulilikataa kwa haki, mwanangu, usijitilie shaka. Huo ungekuwa uongo wa kutengenezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wa kwanza kuumia angekuwa mke wake ambaye hakuzindua kitu. Watoto wale wamekwisha kulia usiku mmoja kwa sababu yako. Kijana aliyekuletea wazo hilo mwambie akalitengeneze kwa jina lake na laini yake, uone kama atarudi.

Sasa kosa kubwa. Umeliweka mwishoni kabisa, baada ya deni, kwa mstari mmoja: bibi ameacha kuitikia salamu, sijui kwa nini.

Bibi hakugombea udiwani. Alikuja kuchota maji. Alikuwa amejishika kiuno kwa sababu kinamuuma, na wewe ukamtia mdomoni neno ambalo hakulisema, ukalituma hadi Dar es Salaam. Na neno lenyewe ni mwali. Wewe unayeshinda kwenye unyago msimu mzima unajua neno hilo linatamkwa wapi, na nani, na mbele ya nani. Mwanamke wa umri wake, ambaye huenda ndiye aliyewafunda mama zenu, sasa watoto wa shule wanamsoma kwenye simu. Sitashangaa kama wapo wanaomtania hivyo njiani akiwa na ndoo kichwani. Ulitaka jiwe limpate diwani, ukalipitisha juu ya kichwa cha bibi, na halikupita. Diwani ana mpambe wa kumtuma kwako, ana baraza la madiwani la kusemea. Bibi ana ndoo tu.

Najua utaniambia bibi na mjukuu ni watani. Ni kweli, na ndiyo inayonisikitisha. Ungemwambia maneno yale yale pale kwenye foleni, uso kwa uso, angekujibu vikali kuliko ulivyomwandikia, foleni ingelia kwa kicheko, na angekupiga kofi la bega mkaachana salama. Utani ni wa kurudishiana. Mtani anaruhusiwa kusema makubwa hata msibani kwa kuwa ni mtu wa hapo hapo, anasema na anasemwa, na kazi za msiba anazibeba. Kwenye simu bibi hakupewa zamu yake.

Basi fanya hivi. Picha ya tumbo na ya foleni zifute kila ulipoziweka. Ya korosho usiifute kimyakimya, isahihishe. Rudi kwenye stetasi yako na kwenye kundi lile lile, weka picha nzima, mtendaji na daftari wakiwemo, chini yake uandike kwa Kiswahili cha kawaida: “Picha ya Mheshimiwa diwani niliyoiandikia habari ya korosho niliikata. Hii hapa nzima. Makaratasi ni orodha ya waliochimba mtaro wa bomba, hayahusiani na malipo ya chama cha msingi. Nilikosea. Namwomba radhi yeye, familia yake na wanachama.” Usiongeze “kama kuna aliyekwazika”. Usiweke kikaragosi cha kucheka. Waombe wenzako waisambaze kwa bidii ile ile waliyosambazia ya kwanza. Haitafika Dar es Salaam, nakuambia mapema, masahihisho hayakimbii kama uzushi. Kwa hiyo nenda na chapa yake mpaka ofisi ya chama cha msingi, uombe ibandikwe kwenye ubao wanaposomea majina ya malipo. Pale ndipo wenye hasira wanaposimama.

Kwa diwani nenda, na nenda na mjomba. Lakini kaa na mjomba usiku mmoja kabla, umweleze ni kipi utaomba radhi na kipi hutaomba, asije akasikia mambo mapya mbele ya mwenyeji. Amekulea, kamera ni jasho lake, na huko kwenu neno la mjomba ni zito. Msikilize hofu yake, huenda anajua jambo la mjini usilolijua. Mkifika, kama desturi yako ni kumsalimia mkubwa kwa goti, piga goti, hiyo ni salamu na haikupunguzii kitu. Kisha sema: “Mheshimiwa, nimekuja kwa habari ya korosho na ya tumbo. Ya korosho nilikuzulia, na watoto wako walilala na hofu kwa sababu yangu. Ya tumbo nilikudhalilisha. Naomba radhi kwa zote mbili.” Nyamaza hapo. Ataitaja ya utepe, hakosi. Umwambie kwa heshima ile ile: “Ile, Mheshimiwa, maji yakitoka nitakuja kupiga nyingine bila malipo, na nitaisambaza mwenyewe.” Na uwe unamaanisha. Siku koki ikitoa maji wiki nzima, ufike na kamera kabla ya mpambe.

Kama atakasirika kwa kuwa hukuomba radhi ya utepe, akasirike. Wachotaji maji wa kijiji kile wana hasira ya miezi miwili.

Vijana wa kijiweni usiwakimbie, wape kazi. Kila Jumatatu asubuhi mmoja wao apite kwenye kilula, apige picha ya koki, koki tu, bila sura ya mtu, na chini yake muandike tarehe. Isizidi hapo. Mkiona mkono unawasha kuongeza neno, andikeni “bado”. Picha ya nne au ya tano ikishapita, mtasikia wenyewe mji unasema nini.

Hayo yote yatangoja siku moja. Wa kwanza ni bibi. Nenda kesho alfajiri, kabla hajatoka kwenda kuchota. Simu iache nyumbani. Akikukaripia, kaa chini umsikilize mpaka amalize, hiyo ndiyo zamu yake uliyomnyima. Na usiende mikono mitupu, mbebee ndoo ya maji, iliyojaa.